Kanga Iliyopanda Jukwaani

Pale Ngara mjini walisema niliwapeleka wanangu kuwapigia makofi wauaji wa baba yao. Walisema sokoni, walisema kwenye foleni ya maji, na mmoja alinisema usoni huku ananipimia dagaa. Nikamwambia kwanza aondoe kidole kwenye mizani, ndipo tuzungumze habari za dhambi. Sijaomba radhi kwa siku ile hata mara moja, wala sina mpango wa kuanza uzeeni.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wanyarwanda walikuwa wamesharudishwa kwao, Warundi wamebaki, na mambo yote wilayani yalikwenda kwa kufuata kambi: bei ya mahindi, magari barabarani, hata usingizi wa watu. Mabasi ya Biharamulo yalikuwa yakisubiriana Lusahunga ili yapite porini kwa eskoti, askari mbele na askari nyuma. Mume wangu hakusubiri eskoti. Alikuwa na lori la chumvi, mvua inakuja, akaona akingoja chumvi itayeyuka. Walimkuta asubuhi kando ya lori, chumvi imemwagika, na yeye amelala kwenye majani yenye umande. Waliofanya hawakuacha jina. Hata hivyo mji mzima ulikwisha kuwapa jina kabla hatujamaliza kumzika: wakimbizi.

Labda ni wao. Labda ni watu wa hapa hapa waliokuwa wanajua lini lori linapita na limebeba nini. Mimi sikuwepo, na waliokuwa wanaapa nao hawakuwepo.

Nyumba yetu ilikuwa ya ukoo wa Kiislamu uliotoka pwani zamani, enzi za mababu, kwa biashara ya nguo na chumvi. Mama mkwe wangu yeye aliletwa Ngara bibi harusi kutoka Tanga, na baridi ya huku aliilalamikia mpaka mwisho wa maisha yake kana kwamba kaipata jana. Baada ya msiba, aliyeshika usukani wa nyumba alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Si mtu mbaya. Alitulisha, alilipa ada ya shule, na alipoingia ndani watoto walinyamaza. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili wadogo, na mahali pangu katika nyumba ile palitegemea kukohoa kwake.

Binti yangu alikuwa anasoma shule ya masista kule Rulenge, bweni. Hilo nalo lilikuwa ugomvi, binti wa Kiislamu kulala kwa masista, lakini marehemu ndiye aliyempeleka, na neno la marehemu lilikuwa halijapoa bado. Siku niliyokwenda kumtembelea alinipokea anarukaruka. Walikuwa wanaandaa mchezo mkubwa wa kuimba, akasema. Si ngonjera, si kwaya ya kusimama mistari miwili. Mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho, watu wanaimba badala ya kusema, na ngoma, na jukwaa lenye pazia. Wanafunzi wakishirikiana na kikundi cha wasanii kutoka kambini, maana kikundi kile kilikuwa na wapiga ngoma na waimbaji ambao wilaya haijapata kuwaona. Walikuwa wanakuja Rulenge kwa kibali na kurudi kambini kabla ya saa kumi na mbili.

"Na mimi ni mlango," akasema.

"Mlango?"

"Mlango, mama. Naimba. Utaona. Mtakuja?" Halafu, kabla sijajibu, akaangalia viatu vyake. "Wenzangu wote wana watu wa kuja."

Nilimwambia tutakuja. Sikusema nitakuja. Nilisema tutakuja, wote, na neno likishatoka mdomoni mwangu mbele ya mtoto huwa silirudishi.

Shemeji nilimwambia wakati wa chakula cha usiku, maana mtu akiwa na tonge mkononi huwa hapigi meza. Alilirudisha tonge sahanini.

"Wakimbizi," akasema. "Waliomuua ndugu yangu. Ukawakodolee macho wakicheza?"

"Nakwenda kumwona mwanangu."

"Mwambie sista amtoe kwenye huo upuuzi. Na wewe nisikilize vizuri. Mimi Ijumaa naondoka kwenda Nyantakara, kule Biharamulo, kununua maharage. Nikirudi nikasikia mtu wa nyumba hii amekanyaga kule, asikanyage hapa tena. Yeyote."

Damu ilinipanda. Tulichokuwa tunakula kilikaangwa kwa mafuta ya msaada, yaliyotoka kambini kwa mlango wa nyuma. Chumvi dukani ilikuwa imefunikwa kwa mashitingi, yale maturubai ya plastiki ambayo wakimbizi walipewa kuezekea, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyanunua. Nikamwambia: mafuta yao halali, mashitingi yao halali, sauti zao ndizo haramu? Wavulana wangu wakaacha kutafuna.

Shemeji alisukuma sahani. Alinawa mikono akatoka. Nikageuka kumtazama mama mkwe wangu, niliyekuwa nikimwita mama kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anatoa mwiba wa samaki kwenye sahani ya mjukuu wake mdogo, na aliendelea kuutoa. Tangu mazishi ya mwanawe alikuwa mtu wa maneno machache sana. Kasirani zake zote za zamani, utani wake, nyimbo zake za Tanga alizokuwa akiimba huku anakuna nazi za kununua kwa bei ya dhahabu, vyote vilikuwa vimekatika.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Kwetu nilikotoka mama yangu alikuwa amekwisha kufa na kaka zangu walikuwa na wake zao. Nikitolewa pale nina watoto watatu na sanduku. Usiku kucha nilihesabu nyumba ambazo zingenipokea, na hesabu ilikuwa fupi. Alfajiri nikaamka nimeamua. Mtoto akikulia katika nyumba ambayo mama yake anaogopa kwenda kumsikiliza akiimba, basi hata hilo paa juu yake ni la nini?

Jumamosi nilikodi pikapu ya Mhangaza mmoja, mwenyeji wa huku, aliyekuwa anabeba ndizi. Nilipotoka na wavulana, nimewavalisha kanzu za Idi, nikamkuta mama mkwe wangu ameshakaa kiti cha mbele. Amevaa baibui, na juu yake amejitanda kanga ambayo sikuwahi kuiona mwilini mwake. Niliijua. Ilikuwa moja ya ile doti ambayo mwanawe alimletea kutoka Mwanza safari ya kabla ya ile ya mwisho. Alikuwa ameifungia sandukuni, na ilinuka kafuri mpaka dereva akapiga chafya.

"Shikamoo, mama," dereva akamwamkia.

"Marahaba. Twende, mwanangu, jua linapanda."

"Mama, mvua ikinyesha ile balabala ni utelezi. Mimi ni wa Rulenge, naijua."

"Basi kama unaijua, si twende?"

Mimi na wavulana tukapanda nyuma, juu ya majani makavu ya migomba. Sikumwuliza kwa nini amekuja. Niliogopa nikimwuliza atashuka.

Uwanja wa misheni ulikuwa umefurika. Wakulima wa Rulenge na vijiji vyake walikuwa wamekuja kama wanavyokwenda misa ya sikukuu, na mtu wa kule haendi mahali mikono mitupu: mikungu ya ndizi, vikapu vya maharage, kuku wamefungwa miguu. Wengine walikuwa wanapitia sokoni baadaye, wengine wanawaletea masista. Mabenchi ya kanisani yalikuwa yametolewa nje. Upande wa kushoto, nyuma ya kamba, walikaa wakimbizi walioruhusiwa kuja, na mgambo wawili wamesimama na virungu. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya mapipa, limeezekwa mashitingi yale yale ya dukani kwetu, na pazia lake lilikuwa mashuka yaliyoungwa.

Watu walitutambua. Nilisikia mnong'ono ukitembea kutoka benchi hadi benchi, kama upepo kwenye mahindi. Wale ni watu wa yule wa lori. Nikanyanyua kichwa, nikawasogeza wavulana, tukakaa benchi la pili kutoka mbele. Kama ni kutazamwa, nilitaka watuone vizuri.

Kisha ngoma zikaanza, na nikasahau hasira kwa muda. Sijui niwaelezeje. Wanaume waliingia wamebeba ngoma kichwani huku wanazipiga, wakazitua kwa duara, na mlio ukapanda kwa miguu ya benchi mpaka kwenye meno. Mwanangu mdogo alinishika mkono kwa nguvu. Pazia likafunguka.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mwanamke amezimikiwa na moto nyumbani, usiku wa baridi, na mwanawe amelala mgonjwa. Anachukua kigae, anazunguka kijiji kuomba kaa la moto. Huku kwetu kuomba moto kwa jirani ni jambo la kila siku, asiyekupa anajulikana. Basi kijiji chote ni milango, na kila mlango ni kundi la waimbaji, na kila mlango unaimba sababu yake. Mlango wa tajiri uliimba kwamba moto wake una kazi. Mlango wa mchamungu ulimwimbia sala ndefu, kisha ukafungwa. Watu walicheka mpaka wakapiga mapaja, kwa sababu kila mmoja alimwona jirani yake. Mlango wa mwisho ulikuwa wa wasichana wa shule, wamejipaka majivu usoni, na katikati yao binti yangu, shingo imenyooka, anaimba kwa sauti yake yote: "Tuna majivu, moto hatuna! Tuna majivu, moto hatuna!" Wavulana walipanda juu ya benchi. Mimi nililia, na sikufuta.

Mwanamke wa moto alikuwa mkimbizi. Mrefu, mwembamba, si kijana, amevaa nguo ya kawaida kabisa iliyofifia. Baada ya mlango wa mwisho kufungwa, alikaa chini katikati ya jukwaa na kigae chake kitupu. Ngoma zikashuka zikabaki kama mapigo ya moyo. Akaanza kumwimbia mwanawe aliyemwacha nyumbani kwenye baridi. Aliimba Kiswahili, akachanganya Kirundi, na Wahangaza wote uwanjani, ambao lugha yao ni jirani na Kirundi, hawakuhitaji mkalimani. Umuriro, aliimba, umuriro, moto, moto tu, si mali, kaa moja tu, mwanangu asilale kwenye baridi peke yake.

Pembeni yangu nikasikia kafuri. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo pale uwanjani nililijua mimi peke yangu. Alikokulia yeye, mwimbaji wa taarabu akikugusa, hukai. Unainuka, unamwendea taratibu kwa madaha, unamtunza: pesa, maua, kanga, chochote ulicho nacho. Kukaa kimya na mikono mapajani wakati mtu anakuimbia maisha yako ni utovu wa adabu, ni kama kulishwa ukaondoka bila kushukuru. Rulenge haikujua habari hizo. Rulenge ilichokiona ni mama wa marehemu wa lori, amesimama mbele ya mkimbizi, uso umekaza.

Sista aliyesimamia mchezo akampungia mkono akae. Hakukaa. Mgambo mmoja akaja haraka, akasita asijue amshikeje mzee kama yule. Ngoma zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine, na nyuma ya kamba wakimbizi wakasimama wote. Mama mkwe wangu akapita katikati ya mabenchi kwa mwendo ule wa Tanga, bega hili, bega lile, kana kwamba anacho kinanda masikioni mwake. Akapanda ngazi za makreti. Mwanamke wa moto aliinuka akarudi nyuma hatua. Bila shaka alishaambiwa huyu ni nani. Binti yangu, nyuma, alijifunika uso kwa mikono.

Mama akavua kanga. Akamzungushia yule mwanamke mabegani, akaivuta mbele, akaiweka sawa kifuani kama unavyomvisha mtoto anayekwenda shule asubuhi ya baridi.

"Endelea," akamwambia. Uwanja ulikuwa kimya hata neno hilo tulilisikia. "Nani kakwambia unyamaze? Endelea."

Yule mwanamke aliishika kanga kwa mikono miwili, akapiga goti. Akaanza tena pale alipoachia, sauti ikakatika, akaanza tena.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe! Bibi mmoja wa benchi la nyuma, Mkatoliki wa kufa na rozari yake shingoni, alikuwa ameyatazama yote akayaelewa kwa namna aliyoizoea. Mtu anapeleka kitu mbele, watu wanaimba: hayo ni matoleo. Akainuka na mkungu wake wa ndizi kichwani akaja mbele, anayumba kidogo kwa kucheza. Nyuma yake mwingine na kikapu cha maharage. Nyuma yake mzee na kuku. Ndani ya muda mfupi foleni ilikuwa imefika kwenye mlango wa kanisa, na sista anakimbia huku na huku, "Jamani, siyo sasa! Jamani, mchezo haujaisha!" na hakuna anayemsikia. Wapiga ngoma walitazamana, wakacheka, wakaanza kupiga kwa mwendo wa foleni. Mwanamke wa moto aliimba akiwa amezungukwa na ndizi. Kaa la moto mchezoni hakulipata, maana kile kipande cha mwisho hakikuchezwa kabisa, muda wa kibali uliisha. Walirudi kambini na lori limejaa mpaka kuku wawili walisafiri kwenye mapaja ya wapiga ngoma.

Shule ilikuwa inafungwa siku ile, kwa hiyo binti yangu alirudi na sisi, sanduku lake nyuma ya pikapu. Alivumilia mpaka tulipopita daraja, akainama kwenye dirisha la mbele.

"Bibi, mbona mimi hukunitunza?"

"Wewe ulikuwa unaimba puani," mama akajibu, bila kugeuka.

Tulifika nyumbani magharibi. Shemeji alikuwa barazani. Eskoti ya kwenda Biharamulo haikupatikana Ijumaa wala siku ile, akageuzia njiani, na habari ilikuwa imefika kabla yetu, kwa maana habari Ngara haina haja ya gari. Alisimama mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine huku. Nikamshika mtoto mdogo, nikashuka. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kutosha mtaa mzima.

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama yake, mabega matupu.

"Kanga iko wapi?"

"Nimemtunza mwimbaji."

"Mkimbizi."

"Mwimbaji."

"Kanga ya marehemu, mama!" Sauti yake ilipasuka, na hapo nikaona kitu ambacho hasira yangu ilikuwa inakikataa, kwamba na yeye alikuwa amefiwa. "Na kama kaka yake ndiye aliyemuua mwanao?"

Mama mkwe wangu alipanda baraza taratibu, magoti yanamsumbua. Akasimama karibu naye.

"Na kama siye?" akasema. "Sikiliza. Mimi nimezaa na nimezika. Mtu akiniimbia vile nikakaa kama gogo, basi na mimi mngekuwa mmenizika siku ile ile. Sijafa. Na hawa ni watu wangu, na nyumba hii baba yako aliniachia mimi. Anayetaka kufunga mlango, aufunge akiwa nje."

Akauondoa mkono wa mwanawe mlangoni, kama mtu anavyoondoa kanga kwenye kamba, akapita. Nikapita nyuma yake na wanangu wote. Shemeji akabaki barazani, na mlango nikaufunga mimi, kwa komeo.

Sikusikitika. Niliwasha jiko, nikapasha wali. Mama alikaa kwenye mkeka anajisugua magoti. Wavulana walikuwa wanapiga sufuria wakijifanya wapiga ngoma. Baada ya muda tukasikia mlango ukigongwa. Si kwa hasira. Mara moja, kimya, kisha tena, kama anavyogonga mtu aliyesikia harufu ya chakula na hana uhakika na nafasi yake.

Tukatazamana. Kabla sijainuka, binti yangu alikwenda akasimama mbele ya mlango, shingo imenyooka, akaimba kwa sauti yake yote:

"Tuna majivu, moto hatuna!"

Mama mkwe wangu akaangua kicheko. Kile chake cha zamani, cha Tanga, cha kuegemea ukuta na kushika ubavu, ambacho nilidhani tulikifukia pamoja na mwanawe. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya baibui.

"Puani tena," akasema. "Hebu mfungulie baba yako mkubwa, huko nje kuna baridi."